Baiskeli ya gia yatua Chato: Itamfaa binti wa kidato cha kwanza?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lianze kutumika pale Kigongo–Busisi Juni 2025, safari ya basi kutoka Mwanza kwenda Chato haina tena kile kituo kirefu cha kusubiri kivuko, abiria wakinunua mahindi ya kuchoma na kuhesabu magari yaliyo mbele yao. Basi linapita juu ya maji kwa dakika chache, kilometa tatu na kidogo, kisha Sengerema, Geita, Katoro, Buseresere, na hatimaye Chato.

Ndani ya buti la basi mojawapo, likizo ya katikati ya mwaka ikielekea ukingoni, ilikuwamo baiskeli mpya. Shangazi anayeishi Mwanza alikuwa amemnunulia binti wa kaka yake, aliyeanza kidato cha kwanza Januari. Haikuwa Phoenix, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo Kanda ya Ziwa nzima inaijua. Ilikuwa ya aina inayoitwa haibridi, yaani mseto, ya rangi ya kijivu, yenye gia 21.

“Nzuri sana wifi, Mungu akuzidishie,” mama wa binti aliandika kwenye simu. Kisha akaongeza: “Ila itaweza huku kwetu?”

Swali hilo lilichukua wiki nzima kujibiwa, na jibu lake linaweza kumsaidia mzazi mwingine anayepita madukani Mwanza, Geita au Kahama na kuona baiskeli hizi zikining'inia zikiwa bado na nailoni.

Haibridi imechukua kidogo kutoka kila upande. Matairi yake ni membamba kuliko ya baiskeli ya milimani, manene kuliko ya baiskeli ya mashindano. Usukani umenyooka na mpandaji anakaa karibu wima, anaona mbali. Fremu hii ni ya alumini, na bomba la juu limeshushwa ili mwenye sketi apande bila kurusha mguu. Mbele kuna gurudumu la meno la sahani tatu, nyuma saba. Tatu mara saba ndiyo 21 hiyo. Waliobuni aina hii walikuwa wakifikiria mtu wa mjini anayekwenda kazini na begi moja, anayetaka baiskeli inayokimbia kwenye lami lakini isiyoogopa kipande cha kokoto.

Muuza nafaka wa jirani alikubali itundikwe kwenye mizani yake ya magunia. Ilisoma kilo 14. Phoenix ya baba, pamoja na keria yake ya nondo, ikatundikwa palepale: kilo 24. Kilo 10 za tofauti ni nusu dumu la maji, na binti aliyekuwa akiisukuma Phoenix ile tangu darasa la nne hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Mji mdogo, barabara za mji mkubwa

Chato inajulikana nchi nzima kwa sababu ya mtu mmoja. John Magufuli, Rais wa awamu ya tano, alizaliwa huku mwaka 1959 na akazikwa huku Machi 2021. Katika miaka yake mji huu wa kando ya Ziwa Victoria ulipata lami, hospitali ya rufaa ya kanda, uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilometa tatu, na taa za kuongozea magari ambazo miji mingi mikubwa kuliko Chato haikuwa nazo. Watu wamebishana sana kama mji ulistahili vyote hivyo. Mpanda baiskeli haingii kwenye ubishi huo. Anachokiona ni lami pana yenye magari machache, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kujaribia baiskeli.

Aliyeijaribu kwanza alikuwa mama mwenyewe. Alikulia Shinyanga, ambako daladala ni baiskeli na mwanamke aliyekaa juu ya tandiko, mtoto mgongoni na mzigo nyuma, hamgeuzi mtu shingo. Lakini alikuwa hajapanda kwa miaka mitano, tangu azaliwe mdogo wao. Aliondoka nyumbani asubuhi ya Jumatatu akiwa na khanga kiunoni, akapita kwenye taa, akateremka kuelekea ziwani.

Kwenye lami, baiskeli hii haina mpinzani. Phoenix hutaka nguvu kuianzisha, ikishaanza hutaka nguvu kuisimamisha. Hii inaondoka mara mguu unapogusa pedeli. Matairi yakijazwa vizuri yanateleza kimya, na ule mtetemo wa madigadi na kava ya cheni ambao mtu wa Phoenix ameuzoea hadi hausikii haupo kabisa. Kimya hicho kina hatari yake: kuku, mbuzi na watoto wa Chato wamezoea kusikia baiskeli inakuja. Mama alipiga kengele njia nzima.

Breki ndizo zilizomfurahisha zaidi. Phoenix inabanwa kwa vyuma na raba kwenye ringi ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa mvua breki hiyo huwa ni dua tu. Ringi za haibridi ni za alumini, na raba zake zinaishika hata ikiwa na maji. Duka la Mwanza lilikuwa pia na haibridi ya breki za diski, ya bei ya juu, shangazi aliiacha. Baadaye ilionekana alifanya vizuri, kwa sababu ambazo fundi atazieleza.

Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa, wanawake wakiwageuza, na mama akasimama kupumzika. Mama mmoja mtu mzima akamsalimia, “Mwangaluka, mayu,” kisha akaikagua baiskeli kwa jicho la mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akauliza kitu kimoja tu: keria iko wapi?

Haikuwapo. Haibridi nyingi huuzwa bila keria, bila madigadi, bila kava ya cheni na bila stendi. Nyuma ya tandiko palikuwa patupu.

Kurudi ni mlima, na hapo gia zilieleza zimetengenezwa kwa nini. Binti, aliyekuja kumpokea mama njiani, aliichukua. Alijaribu kubadili gia akiwa tayari amekwama katikati ya mlima, akikanyaga kwa nguvu zote, na cheni ikalia kama kitu kinachovunjika. Gia hubadilishwa kabla ya mlima, miguu ikizunguka polepole bila kukandamiza. Ilimchukua siku mbili kuzoea. Akishazoea, sahani ya kati mbele inamtosha karibu kila mahali, na anachagua zile saba za nyuma tu. Ile hesabu ya 21 ni ya kupendezea dukani zaidi ya njiani. Gia nyepesi zilimsaidia sana mchana. Jua likipanda, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mwanafunzi anayerudi nyumbani upande wa ziwa hukutana nao usoni.

Saa 12 asubuhi, giza bado

Kutoka nyumbani hadi shule kuna njia mbili. Ya mkato hupita mashambani, kwenye pamba na mihogo, na kuvuka kijito: kilometa tano, saa nzima na kidogo kwa miguu. Ya barabarani ni kilometa saba, nusu lami na nusu changarawe. Binti na rafiki zake wawili wamekuwa wakipita ya mkato tangu Januari, kwa sababu anayetembea hawezi kuchagua ndefu.

Serikali iliondoa ada za kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016. Umbali haukuondolewa. Na Chato kuna jambo moja ambalo mzazi wa Dar es Salaam halioni: saa za nchi ni moja, lakini jua ni lilelile linalotoka mashariki. Huku magharibi linachomoza karibu nusu saa baada ya Dar. Mwezi Julai linachungulia kama saa 1 asubuhi, wakati mwanafunzi anatakiwa awe amekaribia geti la shule. Anayetoka nyumbani saa 12 kamili anatoka gizani.

Mama hapendi kulizungumza sana, lakini ndilo lililomfanya shangazi anunue baiskeli. Bodaboda husimama. “Panda nikusogeze, hulipi.” Siku ya kwanza ni wema, na wengine kweli ni wema. Mama wa binti wa miaka 14 hana namna ya kujua ni nani mwema siku ya kumi.

Jumanne walijaribu njia ya mkato. Baiskeli ilifanya vizuri kwenye udongo mgumu uliokanyagwa na watu na ng'ombe. Ilishindwa kwenye mchanga wa kijito. Matairi ya milimita 37 yalizama, usukani ukageuka wenyewe, na binti akaangukia upande, hakuumia. Phoenix nayo huzama pale. Kila mtu hushuka na kusukuma. Lakini hata baada ya kuvuka, vichaka vilivyofika kwenye mabega vilikuwa vilevile, na giza lingekuwa lilelile. Dakika 30.

Jumatano walijaribu barabarani, kilometa saba. Kwenye changarawe kulikuwa na vumbi jekundu na yale mawimbi madogo ambayo malori huyachora barabarani, yanayomtikisa mtu hadi meno. Fremu ya alumini inatikisa zaidi kuliko chuma, na mikono ya binti ilikufa ganzi kidogo. Alijifunza kupita ukingoni, kushoto kabisa, ambako matairi ya magari hayajachimba. Dakika 31.

Hilo ndilo jambo kubwa lililoonekana wiki ile. Kwa baiskeli, barabara ndefu yenye nyumba, maduka na watu imekuwa sawa na mkato wa mashambani. Hakuna tena sababu ya kupita porini.

Zambia, watafiti waliwafuatilia wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli na wale ambao hawakupewa. Waliopewa walipunguza muda wa njiani kwa asilimia 35 na utoro kwa asilimia 27. Jimbo la Bihar, India, ambalo lilianza kuwapa wasichana wa sekondari baiskeli mwaka 2006, uandikishaji wao uliongezeka kwa asilimia 32. Huko India wasichana waliendesha kwa makundi, barabara nzima ikajaa sare. Chato, binti huyu angekuwa peke yake.

Kwa sababu rafiki zake wawili hawana baiskeli. Wao wangeendelea na mkato, sasa wawili badala ya watatu. Yeye angepita barabarani, mmoja, gizani, na kitaa chekundu nyuma. Jioni ya Jumatano mama wa mmoja wa mabinti hao alifika uani, akasifia baiskeli, akanywa chai, akaaga. Hakusema neno. Mama mwenye baiskeli alielewa vizuri alichokuja kukitazama.

Chini ya mwembe kwa fundi

Alhamisi ilikuwa siku ya fundi. Baiskeli ilikuwa na kasoro tangu iliposhuka kwenye basi: kwenye gia nyepesi kabisa cheni ilikuwa ikigusa spoku za nyuma. Fundi, mzee anayefanya kazi chini ya mwembe na sanduku la spana, aliinama mara moja tu akaona. Ndani ya buti baiskeli ilikuwa imelazwa upande wa kulia, na mizigo imewekwa juu. Kile kipande cha alumini kinachoshikilia mashine ya gia, laini kama sikio, kilikuwa kimepinda kwenda ndani.

“Shikamoo babu, kitavunjika?” binti aliuliza.

“Marahaba mjukuu wangu. Kikinyooshwa mara moja, hapana. Mkikizoea kukipindisha, ndiyo.”

Alikinyoosha taratibu kwa spana, akitazama kwa jicho moja mpaka kikalingana na gurudumu. Kisha akatoa agizo: baiskeli ya gia ikisafirishwa, upande wa gia uwe juu, na ikiwezekana gurudumu la nyuma lifunguliwe. Ikiangushwa, iangukie kushoto. Kipande hicho kikivunjika Chato, hakuna dukani. Kila kampuni hutengeneza cha umbo lake.

Kisha akashika tairi, akasoma ubavuni, akatikisa kichwa. Hapa mzazi anayetaka kununua asome polepole.

Tairi la Phoenix huitwa 28. Tairi la haibridi nalo wauzaji wengine huliita 28, ingawa limeandikwa 700 na herufi C. Mtu akisikia 28 na 28 anadhani ni mamoja. Sivyo. Pale tairi linapokaa, ringi ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635. Ya haibridi ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13, karibu upana wa kidole, lakini tairi la Phoenix likivishwa kwenye haibridi litapwaya na kuchomoka njiani. La baiskeli ya milimani ya inchi 26 lina 559, halivaliki kabisa. Namba ya kuamini ni ile iliyobonyezwa kwa herufi ndogo, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Ukiwa na ya pili kichwani huwezi kuuziwa tairi lisilokaa.

Fundi alikuwa na matairi ya 635 yamening'inia kwenye tawi, na ya 559. Ya 622 hakuwa nayo hata moja, na hakumjua mwenye nayo Chato.

Tyubu ina huruma zaidi, kwa kuwa ni mpira na huvutika. Ya Phoenix inaweza kukunjwa ikakaa kwa dharura. Viraka na solusheni ni vilevile. Pampu nayo haikuwa tatizo, maana valvu ya baiskeli hii ni nene kama ya pikipiki na kila kijiwe cha bodaboda kina upepo wake. Lakini zipo haibridi zenye valvu nyembamba kama kalamu, yenye kinati cha kufungua kichwani, na pampu za huku haziishiki mpaka kiwepo kiunganishi. Ni kitu cha kuchungulia dukani kabla ya kutoa hela.

Kuhusu breki, mzee alifurahi kuona raba. Raba zikiisha hukatwa hata kutoka kwenye mpira mwingine. Tope jekundu likiganda husaga ringi kama msasa, kwa hiyo zifutwe kila zinapotoka matopeni. Za diski, alisema, angeweza kuzifungua. Kuzifunga ndiyo hana hakika.

Shangazi alipigiwa simu palepale. Jumamosi basi lilileta tairi moja na tyubu mbili, na ndivyo inavyofaa iwe kwa yeyote anayenunua baiskeli ya namna hii kwenda mahali ambapo bado haijazoeleka: tairi la akiba liingie kwenye bei siku ileile.

Jambo la mwisho kwa fundi lilikuwa keria. Fremu ina matundu ya skrubu kwa ajili hiyo, na kulikuwa na keria ya alumini iliyotoka kwenye baiskeli ya mtumba ya Kijapani. Ilikaa vizuri. Juu yake palikuwa pamepigwa chapa: kilo 25.

Dumu moja, si mawili

Kilo 25 ni kitu gani Chato? Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 na kidogo. Kwa hiyo dumu moja. Phoenix ya baba hubeba matatu, mawili ubavuni na moja juu, na siku za mavuno imebeba gunia la mahindi bila kulalamika. Baba, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alilitaka jaribio hili kuliko yote.

Walifunga dumu moja kwa mpira. Baiskeli ikabeba, ingawa mbele ikawa nyepesi na usukani ukataka mkono thabiti. Walipoongeza la pili, gurudumu la nyuma likaanza kutoa mlio wa spoku zinazosogea, na baba mwenyewe akasema basi. Mdogo wao wa miaka mitano, kilo 17, alikaa nyuma na kuzungushwa uani akicheka. Hakuna mahali pa kuweka miguu, na spoku ziko wazi, hivyo nje ya ua hakuruhusiwa.

Lipo shirika linalotengeneza baiskeli kwa ajili ya Afrika, liitwalo World Bicycle Relief, na baiskeli yao, Buffalo, inakwenda kinyume kabisa cha hii: chuma kizito, breki ya kukanyaga kinyumenyume, keria inayokubali kilo 100. Waliotengeneza Buffalo walianza na mzigo. Waliotengeneza haibridi walianza na mtu. Ukiitazama hivyo, lawama nyingi za baba zinakosa mahali pa kushika: anailaumu punda jike kwa kutokuwa trekta.

Hata hivyo baba alikuwa na hoja. Kaya nyingi zina uwezo wa baiskeli moja tu. Ikiwa ni moja, na ni hii, maji yatachotwa na nani, na kwa safari ngapi?

Kwa upande wa fedha, mzazi anaweza kufanya hesabu yake. Mwaka wa masomo una siku 194. Kama nauli ya bodaboda ni Sh1,000 kwenda na Sh1,000 kurudi, mwaka mmoja ni Sh388,000, na kidato cha kwanza hadi cha nne ni miaka minne. Weka bei ya baiskeli uliyotajiwa, ongeza tairi, tyubu mbili, keria, taa ya mbele na ya nyuma, kufuli na fundi kila mwezi, ulinganishe. Taa si anasa. Baiskeli huja na vioo vya kuakisi tu, navyo havisaidii mpaka gari liwe limekumulika tayari. Kwa binti anayetoka saa 12 asubuhi, taa ndiyo ya kwanza kwenye orodha, kabla hata ya keria.

Na suruali. Cheni haina kava, na siku ya pili sketi ya shule ilishikwa ikachanika pindo. Sasa anavaa traksuti chini, mguu wa kulia umefungwa kwa mpira, anaivua akifika.

Ijumaa usiku wazazi walikaa. Mama alitaka baiskeli iende shule. Baba alitaka binti asiende peke yake. Wote wawili walikuwa wakisema jambo moja, na ilichukua muda kulitambua. Haibridi haiwezi kumbeba rafiki. Phoenix inaweza.

Mmoja wa wale mabinti wawili, mrefu kuliko wenzake, anajua kuendesha Phoenix vizuri. Alijifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba, kama watoto wote wa huku. Asubuhi anaweza kuichukua, mwenzake akakaa kwenye keria ya nondo, na haibridi ikatangulia na taa. Watatu, baiskeli mbili, barabarani. Mama yake alipoulizwa alikubali kabla sentensi haijaisha, kisha akasema yeye atanunua raba za breki za Phoenix, maana amewahi kuziona.

Gharama yake ni kwamba Phoenix haipo nyumbani hadi saa 10 jioni. Maji ya asubuhi hayatachotwa; yatachotwa jioni, madumu sita badala ya matatu, yakae usiku. Baba, mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, atatembea. Ni dakika 25. Alisema daktari amekuwa akimwambia atembee.

Jumamosi walijaribu wote watatu, wakiwa na mabegi yenye madaftari ili uzito uwe wa kweli. Waliondoka saa 12 kamili. Kulikuwa na ukungu kutoka ziwani, na kwa mbali kilionekana kitaa chekundu kikipanda na kushuka. Kwenye mlima haibridi ilingoja. Kwenye taa za kuongozea magari walishuka wote na kuvuka kwa miguu, kama walivyoagizwa. Dakika 38 hadi geti la shule, ambalo lilikuwa limefungwa, likizo bado haijaisha.

Waliporudi, tairi la nyuma la Phoenix lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi. Hilo ni la 635, na fundi analo kwenye tawi.